Waganga wa tiba asili wapewe nafasi kwenye huduma za VVU?

Mwanamkonge: Wakuu, tujadili hili. Mgonjwa anaanzia kwa mganga, anafika kliniki amebaki mifupa. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya 2002 inawatambua waganga, na baraza lao lipo. Kwa nini wasifundishwe dalili, wampeleke mtu akapime, halafu wamfuatilie asiache dawa? Mimi nasema waingizwe rasmi.

Sista wa Zamu: Nimefanya kazi CTC, kliniki ya huduma na matibabu ya VVU, miaka mingi, sikubali. 2011 watu walimiminika Samunge kule Loliondo kunywa dawa ya kikombe cha Babu kwa shilingi 500. Mama mmoja alirudi kwetu, akaweka kadi yake mezani: "Sista, futa jina langu, nimepona." Mara ya pili aliletwa amebebwa na wanawe, na hatukumpata tena. Leo mnataka tukae meza moja na wachawi?

Mjukuu wa Mganga: Wachawi? Babu yangu kaganga watu maisha yake yote, hajamroga hata kuku. Mganga na mchawi ni maadui, mtoto mdogo anajua. Futa hilo neno.

Sista wa Zamu: Sikumtaja babu yako. Wapo wanaopiga ramli na kumwambia mgonjwa karogwa na shangazi yake. Ukoo unavunjika, virusi vinabaki palepale.

Mzee wa Hoja: Halafu Babu wa Loliondo hakuwa mganga. Alikuwa mchungaji mstaafu wa Kilutheri, na alisema dawa ile kaoteshwa na Mungu. Waganga mnawatwisha mzigo usio wao.

Mjukuu wa Mganga: Asante mzee. Nami niseme nililoliona. Alikuja kijana ana mkanda wa jeshi, malengelenge yamemzunguka ubavu mzima, shati halivaliki. Babu yangu akamtandikia mkeka, akampaka dawa, akamwambia: "Mwanangu, hii ya ngozi nitakutuliza. Iliyo kwenye damu siiwezi, nenda hospitali." Akaenda. Dirishani akaulizwa kwa sauti, foleni nzima inasikia: "Ulikuwa wapi mpaka umeoza hivi?" Hakurudi tena. Huyo nani alimpoteza, Sista?

Sista wa Zamu: Unajua muuguzi mmoja anahudumia wagonjwa wangapi kwa siku? Njoo ukae dirishani asubuhi moja tu.

Mama Tumaini: Pole na kazi dada, lakini kijana hakuuliza mko wangapi. Ninaishi na VVU, virusi vyangu vimepungua mpaka kipimo hakivioni, namshukuru Mungu. Mwanzoni nilikuwa nakunywa mizizi pamoja na ARV, dawa za kufubaza virusi. Daktari aliponiuliza kama kuna dawa nyingine natumia, nilisema hakuna, maana mwenzangu aliyekubali alifokewa mpaka akalia. Baadaye mfamasia mmoja mpole alinieleza kwamba hata vidonge vya madini ya chuma havichanganywi ovyo na dolutegravir, moja ya hizo ARV, sembuse mzizi usiojulikana una nini. Niliacha siku ileile. Kunifokea kungenifanya nifiche zaidi.

Mwanamkonge: Jamani, mada ni waganga, siyo wauguzi. Kwetu Tanga miaka ya 1990 madaktari na waganga walishirikiana, mitishamba ikatumika kwa magonjwa nyemelezi, yale yanayomvamia mtu kinga ikishuka. Haikuwa ndoto.

Sista wa Zamu: Wakati huo ARV hazikuwepo. Zimeanza kutolewa bure 2004. Mtu asiye na dawa hulinganishi na mwenye kopo lake kabatini.

Mzee wa Hoja: Kopo liko kabatini, sawa. Asipolimeza je? Aliye jirani yake ni nani, wewe au mganga?

Mjukuu wa Mganga: Na neno "wachawi" bado liko pale juu.

Sista wa Zamu: Nimelifuta. Nisamehe kwa babu yako. Ila yule mama niliyemzungumzia alikuwa na watoto watatu, wa mwisho alimleta mgongoni siku ile ya kadi. Mganga atakayenihakikishia kwa maandishi kwamba hatamwambia mtu "umepona", huyo nitakaa naye.