Miche, fulana na picha: tunataka hesabu za kampuni za sigara

Wadau, nimekasirika na sifichi.

Jumamosi kampuni moja ya sigara ilikuja mtaani kwetu huku Eastlands, Nairobi, kupanda miche. Hema, fulana mpya, MCA (mwakilishi wa wadi) na chifu viti vya mbele. Picha zikapigwa, wakaenda zao. Mmoja akamwambia mama eti wamekuja kusaidia jamii. Mama huyo huyo ndiye anayekesha akimsikiliza baba akihema, mtungi wa oksijeni kando ya kitanda, baada ya miaka 40 ya sigara. Kuujaza tunachangishana watoto watatu.

Kampuni iliyokuja kwetu siitaji. Ila mjue biashara hii ina pesa kiasi gani. BAT Kenya (British American Tobacco), kampuni ya sigara, iko kwenye Soko la Hisa la Nairobi, kwa hivyo hesabu zake zinasomeka. Ina hisa milioni 100. Gawio, yaani faida wanayogawiwa wenye hisa, la mwaka wa 2023 lilikuwa shilingi 50 kwa hisa. Hiyo ni bilioni 5! Asilimia 60 ya hisa ni za kampuni mama ya Uingereza, kwa hivyo bilioni 3 ni zao, kabla ya kodi. Kampuni ambayo haiko sokoni, hata hayo huyaoni.

Halafu mnatuletea miche. Tumbaku ya Migori inakaushwa kwa kuni, jameni. Miti inaisha kule, picha zinapigwa hapa.

Kinachoniuma zaidi ni hiki. Kanuni za kudhibiti tumbaku za 2014 zinataka watengenezaji na waagizaji walipe asilimia 2 ya thamani ya bidhaa zao kila mwaka kwenye hazina ya kudhibiti tumbaku. BAT ilizipinga kanuni hizo kortini, asilimia 2 ikiwemo, hadi Mahakama ya Juu ilipoitupa rufaa yake Novemba 2019. Ya kulazimishwa na sheria wanaikimbilia kortini, ya picha wanaikimbilia na hema.

Wizara ya Afya, chapisheni: kila kampuni imelipa ngapi, mwaka gani, na pesa zimemtibu nani. Na kampuni zitoe risiti za hizo hisani zao, gharama ya hema na fulana ikiwa peke yake.

Kanuni hizo hizo zinawabana maafisa wa serikali wasichangamane na kampuni za tumbaku ila kwa kazi ya kuzidhibiti. Chifu, ulikaa kiti cha mbele kwa ruhusa ya nani?