Naomba ushauri: frigo inatoa maji lakini barafu haitoki

Jambo wandugu, hasa ninyi mafundi wa frigo wa hapa Goma.

Tuna frigo ya milango miwili, ile yenye kutoa maji na barafu mlangoni. Maji yanatoka, ingawa polepole. Barafu ndiyo imekatika. Friza inagandisha nyama vizuri, kipimajoto kinaonyesha nyuzi 18 chini ya sifuri, kwa hiyo baridi si tatizo. Nilichomoa frigo kwenye umeme, nikatoa sanduku la barafu, na kule nyuma juu nikakuta kamrija kanakoleta maji kameziba kabisa, barafu ngumu kama jiwe. Nilikayeyusha kwa maji ya vuguvugu, barafu ikaanza kutoka, kisha kakaganda tena. Filta ni mpya.

Ninachoshuku ni presha. Maji yetu yanatoka kwenye tangi lililo juu ya frigo kwa mita 4 hivi, yaani karibu baa 0.4 tu, na vali nyingi za frigo hizi (vile vifaa vya umeme vinavyofungua na kufunga maji) zinataka walau baa 1.4 ili zifunge sawasawa. Isipofunga vizuri inadondosha tone kwa tone, na maji hayo yanaganda ndani ya mrija.

Je, pompi ndogo kati ya tangi na frigo itatosha, au vali yenyewe imekwisha? Na nitatambuaje kama inavuja hata umeme ukiwa umezimwa? Mama anauzia jusi humo, sitaki kununua kipuri kwa kubahatisha.

Asanteni sana.