Wanafunzi wangu wanataka kufungua makumbusho ya mtandaoni kuhusu Mombasa, niwaongoze vipi?

mwalimu_kisauni

Assalam aleikum wote na habari za jioni. Mimi ni mwalimu wa historia sekondari huku Kisauni na nasimamia klabu ya historia pia. Watoto walienda ziara Fort Jesus wakarudi na moto kwelikweli, wanataka watengeneze makumbusho yao wenyewe kwa intaneti, mtu akiwa Voi ama akiwa Toronto afungue simu tu aone historia ya Mombasa. Nimefurahi sana manake hawa ndo walewale walokuwa wakisinzia nikifika kwa Wareno na Waomani.

Sasa shida ni hii, karibu kila kikundi kimeniletea kitu kimoja. Picha ya Fort Jesus imetolewa Google, chini yake maelezo yamenakiliwa mahali, ngome ilijengwa 1593 hadi 1596, aliyechora ramani ni Mtaliano anaitwa Cairati, UNESCO wakaiweka kwenye orodha yao 2011, basi imeisha. Si uongo lakini hayo yote yashajaa kwenye intaneti, mtu afungue ya hawa watoto kwa nini? Msichana mmoja tu ndo amenishtua, amekuja na kimkebe cha bati cha babu ya babake, kile cha kutilia kipande, cheti cha kazi walicholazimishwa Waafrika kuvaa shingoni enzi za ukoloni, kimefungwa kwa kitambaa, na yeye mwenyewe hajui akifanyie nini.

Naomba ushauri jamani. Watumie programu gani isiyokula bando, na ruhusa za picha zaendaje. Kompyuta za shule ni chache lakini simu zipo.

BintiKuze

Waaleikum salaam mwalimu. Mimi nimefanya kazi na makumbusho miaka kadhaa, nakuomba anzia hapo kwa huo mkebe, usiuache kabisa. Hiyo ndiyo maonyesho yenyewe, hayo mengine yatafuata.

Huyo msichana mwambie kwanza akiweke mezani akitazame bila kusoma kitu chochote. Kamba ilipita wapi? Upande gani umesuguka zaidi, ule wa kifuani ama wa nje? Kifuniko bado chafunga? Ndani mna karatasi ama ni kitupu? Ayaandike hayo kwa maneno yake. Halafu ndo aende kwa nyanya zake aulize, arekodi sauti kwa simu, dakika chache zatosha. Kitabu kije mwisho: sheria ilipitishwa 1915, ikaanza kushika baada ya vita vya kwanza, mwanamume Mwafrika akifika umri wa miaka 16 lazima awe na kipande, na kile cheti kilikuwa na jina lake, kabila, alama za vidole, mwajiri wake, mshahara, siku alioanza kazi na siku alioacha. Mwajiri asipoweka saini ya kukuachilia huwezi kwenda kuandikwa kwengine. Mtoto wa leo akielewa hilo huku amekishika hicho kibati mkononi hatasahau maisha yake yote.

Kwenye maelezo atenganishe vitu vitatu: kile anachokiona mwenyewe, kile familia inachosema, na kile vitabu vinasema. Watu wengi huvichanganya vyote pamoja halafu msomaji hajui aamini lipi. Na yawe mafupi, maneno 60 mpaka 80 kwa kitu kimoja, mtu anasoma kwa simu akiwa ndani ya matatu.

Picha apige karibu na dirisha asubuhi, flashi azime, aweke rula pembeni watu wajue ukubwa wake. Mbele, nyuma, na kikiwa wazi.

Na hao wa Fort Jesus usiwafukuze, wabane kwa swali tu. Mzingiro ule wa Waomani, Machi 1696 hadi Desemba 1698, waulize ndani ya ngome kulikuwa na nani? Wengi wanadhani ni Wareno peke yao. Kulikuwa na Waswahili wa Faza, mji wa kisiwa cha Pate, mle ndani, kiongozi wao Bwana Dau na watu wake ndo walioishikilia ngome wakati Wareno wameisha kwa maradhi. Na 1697 meli ya Wareno Santo António de Tanná ikazama pale pale mbele ya ngome, wapiga mbizi wakaja kuichimbua 1977 mpaka 1980, vitu vyake viko mle makumbusho mlikopita. Kuna pia ile michoro ya meli walioichora askari wa Kireno ukutani, mtoto akichagua mchoro mmoja tu akauchunguza vizuri ana chumba kizima cha maonyesho.

kijana_tudor

Mwalimu kwa upande wa programu usijisumbue sana. Google Sites ni bure na inafunguka hata kwa simu ya bei rahisi, anza nayo. Kitu kinachomaliza bando si tovuti ni picha, mtoto akipandisha picha moja kwa moja kutoka kwa simu yaweza kuwa MB nne ama tano, ipunguzwe iwe chini ya KB 200 na haitaharibika kwa macho. Ile kubwa muihifadhi pembeni kwa flashi diski, msiifute.

Makumbusho na vyuo vikubwa hutumia Omeka, programu ya kutengeneza maonyesho ya mtandaoni, ilitengenezwa na watu wa historia pale George Mason University Marekani ikatoka 2008. Yataka seva na mtu wa kuitunza kwa hivyo sikushauri kwa sasa, lakini kitu kimoja iigeni kutoka kwake. Kule kila kitu kina fomu yake ya maelezo, wanafuata utaratibu unaitwa Dublin Core una sehemu 15, nyinyi hamuhitaji zote. Chukueni daftari mpige mistari: jina la kitu, nani alikitengeneza, lini, kimetengenezwa kwa kitu gani, kimetoka mtaa gani, sasa kiko kwa nani, nani ametoa ruhusa na tarehe gani. Kitu kisichokuwa na huo mstari wake hakipandi kwa tovuti, hata kikiwa kizuri vipi.

Mkitaka ramani kuna StoryMapJS, bure pia, mtu anabonyeza Mji wa Kale, anabonyeza Kilindini, anaona hadithi ya pale. Na chini ya kila picha andikeni kwa maneno kilichomo, kuna watu hawaoni na simu zao huwasomea.

Ah na nywila! Tumia akaunti ya shule, si ya mwanafunzi. Tovuti nyingi za klabu zimekufa siku mtoto alipomaliza kidato cha nne akaondoka na nywila yake.

MjukuuWaKaya

Naomba niseme jambo moja mapema kabla hawajafika mbali, manake najua kuna kikundi kitataka kuweka vigango.

Kigango ni nguzo ya mbao iliyochongwa, si sanamu ya pambo. Anasimamishiwa mzee wa chama cha Gohu, chama cha wazee wa Mijikenda, baada ya kufa na koma yake, yaani roho yake, iko pale. Vimeibwa vingi sana huku kwetu, vikauzwa kwa watalii na wenye maduka ya vinyago, mpaka vikaishia kwa majumba ya makumbusho ya Marekani. Kuna viwili vilivyoibwa boma moja huku Kilifi, kimoja kikaonekana makumbusho ya Illinois, kingine Chuo Kikuu cha Hampton, vikarudishwa 2007. Na kilichovirudisha ni picha! Mtafiti mmoja alikuwa amempiga picha mwenye boma 1985 akiwa kando ya vigango vyake kabla havijaibwa, hiyo ndiyo ikawa ushahidi. Baadaye makumbusho ya Denver nao wakarudisha 30.

Kwa hivyo mimi sisemi msipige picha. Nasema muende kwa wenyewe muombe, na mkikubaliwa msiandike kiko kijiji gani wala msiache simu iweke lokesheni kwa picha, mwizi naye ana intaneti. Na makaya, ile misitu mitakatifu ya Mijikenda, ndo hivyo hivyo, UNESCO waliyatambua 2008 lakini ndani kuna mahali hata sisi wajukuu hatuingii. Wazee wakisema hapa basi, iwe basi.

Kama wataka habari za Mijikenda bila kugusa hayo, Mekatilili wa Menza yupo, mwanamke aliyewaongoza Wagiriama kuwapinga Waingereza 1913 na 1914, na ushairi na nyimbo za kina mama ziko tele, mama mmoja akiimba ukarekodi kwa idhini yake ni hazina.

Mzee_Kilindini

Mwalimu, mimi ni mtoto wa kuli, mbeba mizigo wa bandarini. Watu wakitaja historia ya Mombasa wanataja mawe, ngome, misikiti, milango ya Mji wa Kale. Vyema. Lakini mji huu umebebwa mabegani na watu na hao hawana hata kibao.

Januari 1947 mji mzima ulisimama. Bandari, reli, mahoteli, mpaka waliokuwa wakipika majumbani kwa Wazungu, wote waliacha kazi kwa sababu mshahara ulikuwa hautoshi chakula na nyumba. Walikuwa wakikutana kila siku Kiwanja cha Maskini, ndo huko African Workers Federation, chama cha wafanyakazi, ikazaliwa, na Chege Kibachia aliyekuja kuwa kiongozi wao akashikwa Agosti mwaka huo huo akapelekwa kizuizini. Waulize wanafunzi wako wangapi wamesikia hilo jina. Hicho kibati cha huyo binti ni cha hadithi hii hii.

Watume mitaani Majengo, Tudor, Changamwe, waulize kwa adabu nani mzee wake alifanya kazi bandarini. Kuna nyumba zina kadi za kazi, kulabu za kubebea magunia, picha za timu za mpira za bandari. Zinaozea kwa masanduku.

mwalimu_kisauni

Shukran sana wote, mzee nakuamkia shikamoo. Nimewasomea watoto majibu yenu darasani, wale wa Fort Jesus wamegawana, wengine meli, wengine watu wa Faza. Daftari la mistari tumelianza.

Maswali mawili. Kuna mmoja ameleta picha nzuri ya zamani ya Daraja la Nyali lile la kuelea kabla hili jipya halijafunguliwa 1980, ameitoa Facebook, je ni huru? Na la pili ni zito. Karatasi ya kipande iko ndani ya mkebe, lakini nyanyake huyo binti amekataa isionyeshwe, anasema alama za vidole za mzee hazitawekwa watu wote wazitazame.

BintiKuze

Ya Facebook kwanza. Sheria yetu ya hakimiliki ya 2001 inalinda picha miaka 50 tangu ilipopigwa ama ilipotolewa kwa umma mara ya kwanza, ile itakayokuwa ya mwisho kati ya hizo. Kwa hivyo uzee wa daraja peke yake hautoshi. Muandikieni aliyeiweka, muulize ameipata wapi. Mara nyingi atawaambia ni ya mjomba wake na hapo mmepata mtu wa kuhojiwa. Na picha za watoto wenyewe wakiwa kazini, wazazi watie saini kwanza, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka hivyo kwa aliye chini ya miaka 18.

La nyanya: ana haki, na msimbembeleze. Zile alama zilichukuliwa kwa lazima, mzee hakuulizwa, sasa familia yake inaulizwa na nyanya amejibu. Onyesheni mkebe umefunguliwa, karatasi imekunjwa ndani yake, chini muandike "Familia imeomba karatasi hii isifunguliwe." Halafu umuulize nyanya kama yu tayari kusema yeye mwenyewe kwa sauti kwa nini amekataa, akikubali iwekeni hiyo rekodi hapo hapo, akikataa pia iacheni.

Mzee_Kilindini

Na mwambieni nyanya salamu zangu. Kama mzee wake alikuwa Kilindini nipe jina la mtaa kwa inboksi, babangu aliacha daftari la majina ya genge lake la kazi, huenda yumo.