Blondie walisaliti panki?

MpigaDrams_Sinza: Wakuu, habari za jioni. Bendi yetu ilianza na panki, yaani nyimbo za kasi, magitaa na kelele. Juzi mpiga kinanda kaleta mashine ya drams, wenzangu wawili wakasema wanaondoka, eti huo ni muziki wa harusi. Mashine imelala kwangu. Usiku nimesikiliza kaseti ya marehemu mjomba, Parallel Lines ya bendi ya Blondie, utepe umechakaa mpaka sauti inayumba. Hawa walitokea klabu ya CBGB, New York, miaka ya 1970, pamoja na wapiga panki wenzao akina Ramones. Ikawaje 1978 wakapiga Heart of Glass, disko tupu? Anayejua anieleze, kesho tuna mazoezi.

MzeeWaSanturi: Mdogo wangu, wimbo ule haukuzaliwa 1978. Walikuwa nao tangu miaka ya mwanzo, wenyewe wakiuita "wimbo wa disko". Produsa Mike Chapman ndiye aliyeufufua. Hebu rudisha kaseti mwanzo wa wimbo huo: ile tiki-tiki kavu ni mashine ya drams, Roland CR-78. Kisha sikiliza Clem Burke wa Blondie anavyoingia juu yake. Yule mtu alikuwa mpiga drams wa nguvu kweli, na mashine haikumtoa kwenye kiti. Amefariki Aprili 2025, na mimi niliumia kama nimefiwa na jirani.

Binti_Temeke: Mimi na Mzee tutagombana. Albamu ya kwanza, ya 1976, ndiyo ninayoipenda, ile ya kinanda cha kizamani na gitaa linalokwaruza. Ila usaliti, hapana. Heart of Glass ilishika namba moja Marekani na Uingereza 1979. Wangeweza kurudia fomula ileile mpaka wachoke. Badala yake 1980 wakachukua The Tide Is High ya Paragons wa Jamaika, halafu Rapture, mwimbaji wao Debbie Harry anarap. Hiyo ndiyo niu wevi, muziki uliotokana na panki, ninayoielewa: mlango wazi. Walivunjika 1982, mpiga gitaa wao Chris Stein akiwa mgonjwa sana. Wakarudi 1999 na Maria, namba moja tena Uingereza.

MpigaDrams_Sinza: Shikamoo Mzee, asante dada. Nimeiwasha mashine chumbani, nikapiga haihati, zile sahani mbili za drams, juu yake. Mara tatu nimekwenda kasi nikaiacha nyuma. Ya nne tumekutana, mpaka jirani kagonga ukuta. Kesho naibeba mazoezini, na kaseti nakwenda nayo.