Huyu dogo wa pweza pale Feri, Mtwara, amenivua nguo mchana kweupe!

Wakuu, naandika huku natetemeka. Nimetoka Feri sasa hivi, pweza sina, heshima sina.

Mnamjua. Simtaji. Kofia kisogoni, spika kubwa kuliko meza ya samaki. Namtolea noti ya elfu kumi, mpya, imenyooka, hataki hata kuishika. "Babu, chenji sina, lipa namba hiyo hapo." Babu yake mwenyewe nimecheza naye bao Chuno, na noti alikuwa anapokea!

Nikamwambia simu yangu ni ya kuongelea. "Lete nikusaidie." Nikabonyeza namba ya siri, yeye akasoma kioo kama anatangaza mpira: "SALIO LAKO NI SHILINGI MIA NNE NA HAMSINI!"

Mia nne na hamsini! Mbele ya shemeji zangu! Kivuko cha Msanga Mkuu kilipunguza mwendo ili abiria wasikie vizuri. Elfu kumi ninayo mkononi, ina sahihi ya Gavana na ya Waziri wa Fedha, mtu anatangaza mia nne na hamsini!

Njomba_Halisi: Pole sana Mzee Mia Nne Hamsini.

DadaWaLigula: 😂😂 Shikamoo babu. Hiyo 450 hata makato haitoshi.

Kijana_Mtafutaji: Nami nauza samaki. Saa kumi na mbili asubuhi kila mzee anakuja na elfu kumi, anataka dagaa wa mia tano. Chenji nizae? M-Pesa ipo tangu 2008, mzee ulikuwa wapi?

Mleta uzi: Hamjanielewa. Kukataa noti nimemsamehe. Kwa nini ASOME KWA SAUTI?

Njomba_Halisi: Ili Newala nao wapate taarifa.

Mkulima_Tandahimba: Korosho zenyewe siku hizi mnada wake upo mtandaoni, kwenye mfumo wa soko la bidhaa, TMX, mnunuzi humuoni hata kivuli. Mzee unalilia pweza?

Mjukuu_Mtumwa: Afadhali wazee wenu hawajui simu. Bibi yangu anaagiza madera Kariakoo kupitia Instagram usiku wa manane, analipa mwenyewe, mimi ndiye natumwa stendi kupokea mzigo. Juzi dera limekuja la mtoto wa chekechea. Kapiga simu, muuzaji kamjibu "litanyooka my dear."

DadaWaLigula: Huyo muuzaji namjua! Mwenye picha za maua?

Mjukuu_Mtumwa: Huyohuyo.

Mleta uzi: Turudi kwenye mada. MIA NNE NA HAMSINI.

Nanguruwe_Boy: Mimi niliagiza viatu kimbunga Hidaya kilipokata barabara kule Somanga, 2024. Vilipofika mguu ulishakua.

Mjukuu_Mtumwa: Barabara sawa, hiyo ni mvua. Ila wale wa mizigo pale stendi wanaokaa na boksi lako wiki nzima, halafu wanakudai hela ya kulitunza?

Njomba_Halisi: Yule mwenye rejista na miwani?

DadaWaLigula: Usiniambie. Amekalia jiko langu la gesi hadi leo.