Naomba ushauri: shahada ya pili ya anuwai za utamaduni nikiwa kazini Unguja

Assalaamu alaykum ndugu zangu. Nipo kwenye utalii wa urithi na nataka kusoma bila kuacha kazi. Njia ninazozipima ni mbili.

Moja ni chuo cha Uingereza kwa mtandao. Uzamili kule ni krediti 180, kila krediti saa 10 za kusoma, jumla saa 1,800. Kwa miaka 2 ni kama saa 17 kila wiki bila kupumzika, na tasnifu mara nyingi hubeba krediti 60 peke yake. Hapo ndipo wenye ajira hukwama. Kipindi cha saa 12 jioni London huku ni saa 3 usiku, na saa zao zikisogezwa mwishoni mwa Machi kinakuwa saa 2. Tena cheti cha nje lazima kitambuliwe na TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania.

Nyingine ni kusoma hapa hapa Kiswahili au historia, kisha tasnifu niielekeze kwenye Mwaka Kogwa wa Makunduchi, sherehe ya mwaka mpya inayofanyika kila Julai. Hii naipenda zaidi, maana mada iko mlangoni. Ila kibali cha utafiti cha Zanzibar ni tofauti na cha Bara, na bado kuna kwenda kwa sheha, kiongozi wa eneo. Kikichelewa ukaipita Julai, unasubiri mwaka mzima.

Waliopita huku: maombi ya kibali mliyapeleka miezi mingapi kabla? Na kwa mtumishi wa serikali, shahada ya mtandaoni inahesabiwa sawa kwenye kupandishwa daraja?