Mama ameshindwa kwenda jumuiyani: nimhamishie Dar es Salaam?

Mwana wa Rombo: Wapendwa, naomba ushauri wenu. Mama yangu ni mjane wa miaka 79 anayeishi kijijini Rombo, na tangu magoti yalipomlemea hahudhurii tena sala za jumuiya ndogo ndogo, yaani vikundi vya Wakatoliki majirani, ambako kwa miaka mingi aliongoza rozari. Binti anayemsaidia anasema mama hula kidogo na amekuwa mkimya. Wadogo zangu wanataka aje kwangu Dar es Salaam, lakini huku sote hushinda kazini na hana anayemfahamu.

Katekista Mstaafu: Pole, mwanangu. Maaskofu Wakatoliki wa AMECEA, umoja wao wa Afrika Mashariki, walipozifanya jumuiya hizi kipaumbele cha kichungaji mwaka 1976, walitaka Kanisa la majirani wanaojuana. Basi asiyeweza kutembea ndiye wa kufuatwa kwanza. Mwombe mwenyekiti sala zifanyike kwa mama mara kwa mara, na paroko ampelekee Komunyo. Ila nakusihi, asigeuzwe mtu wa kuonewa huruma tu: aendelee kuongoza rozari akiwa ameketi. Uliza pia kwa upole kuhusu michango, kwa maana nimewaona wazee wanaotaja magoti ilhali kinachowazuia ni haya ya kukosa cha kutoa.

Muuguzi wa Zahanati: Naunga mkono, lakini mzee akipoteza hamu ya kula tusiseme ni upweke kabla hajapimwa. Huenda ni meno, kisukari, dawa anazotumia au sonona, yaani huzuni nzito isiyoondoka, na sonona ni ugonjwa unaotibika, si upungufu wa imani. Ulizia serikali ya kijiji kuhusu kitambulisho cha matibabu ya wazee, ambao kwa Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ni wenye miaka 60 na zaidi.

Mkaazi wa Unguja: Sisi Waislamu tumefundishwa kuwa kumzuru mgonjwa ni haki yake juu yetu. Baba yangu tulipomhamishia mjini aliwakosa wenzake wa baraza baada ya sala ya alasiri, akaomba kurejea shamba, na huko alichangamka. Je, mama mwenyewe anataka nini?

Mwana wa Rombo: Nawashukuru sana. Jioni hii nitazungumza naye, na wiki ijayo atapelekwa kupimwa. Katekista, je, ni sawa sisi watoto tumlipie zaka?

Katekista Mstaafu: Ni sawa kabisa, ila msiitume kwa mwenyekiti. Mpeni mama mkononi, aitoe mwenyewe.